Tati za jamu na watoto jikoni: kwa nini unga hukakamaa, na mikono midogo ifanye kazi gani

*Swali: "Ninaishi Mombasa, nina binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Kila likizo wananiomba tuoke tati, vile vikombe vidogo vya unga na siagi vyenye jamu katikati. Tumejaribu mara kadhaa na kila mara zinatoka ngumu kama kigae, zimesinyaa, jamu imefurika na kuungulia kwenye trei, na chini kumebaki kubichi. Natumia unga wa chapati, majarini na maziwa ya vuguvugu. Wifi yangu alinishauri nikande sana na niongeze beking pauda ili zilainike, lakini hazikulainika. Mdogo hula unga mbichi akicheza nao, nami simkatazi kwa sababu haujatiwa mayai. Kinachonitia hofu zaidi ni moto, maana mtoto wa jirani aliungua jikoni mwaka jana. Je, tatizo ni mapishi yangu, ni oveni yangu ya gesi, au niwasubiri watoto wakue kwanza?"*

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine: huna haja ya kuwasubiri watoto wakue. Miaka 5 na miaka 9 inatosha kabisa, na tati ni katika mapishi machache ya kuoka ambayo watoto wanaweza kuyafanya karibu yote, isipokuwa yale yanayogusa moto. Oveni yako huenda ina lawama yake na nitaifikia, lakini sehemu kubwa ya ugumu unaoulalamikia imetokana na jambo moja, nalo ni kwamba unga wa tati umeutendea kama unga wa chapati. Maziwa ya vuguvugu, kukanda hadi donge lilainike, unga wenye nguvu: hayo yote ni sifa za mpishi hodari wa chapati, na mikono iliyoyazoea kwa miaka mingi haikubali kwa urahisi kuambiwa ifanye kinyume chake.

Ndani ya unga wa ngano mna protini ambazo, zikiwa kavu, hukaa kimya. Zikipata maji huanza kushikamana na kufanya nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni, na kadiri unavyokanda ndivyo nyuzi hizo zinavyozidi kujipanga na kukazana. Chapati inazihitaji, kwani bila hizo donge lisingesukumika hadi likawa jembamba bila kuraruka. Isitoshe chapati hukaa juu ya moto kwa dakika chache tu, hupakwa mafuta, kisha hufunikwa ikingali moto, kwa hiyo hubaki laini. Tati haipati upendeleo huo. Hukaa katika joto kavu la oveni kwa dakika 12 hadi 15, unyevu wake mwingi hutoka, na nyuzi zilizokazwa kwa kukandwa hukauka zikawa ngumu. Tena, kabla hazijakauka, hujivuta kurudi zilikotoka, na ndiyo maana tati uliyoiweka ikiwa imejaa ndani ya tundu la trei inatoka ikiwa imejikunyata chini. Kwa hiyo ugumu na kusinyaa ni kasoro moja, wala usizitafutie dawa mbili.

Mafuta ndiyo yanayozizuia nyuzi hizo. Ukiyasugua katika unga ungali mkavu, huzifunika chembe za unga, na maji yakija baadaye hayapati pa kuingilia kwa urahisi. Wewe mwenyewe unaijua kazi hiyo, kwa sababu nankhatai imejengwa juu yake: hutiwa samli, ambayo karibu haina maji kabisa, huchanganywa kwa upole bila kukandwa, nayo humung'unyika mara tu inapoingia kinywani. Tati ni jamaa wa karibu wa nankhatai kuliko chapati, na ukiliweka hilo akilini mikono yako itajua ifanye nini hata mahali ambapo maelezo yangu hayatafika.

Kuhusu beking pauda, ninaelewa wifi yako alitokea wapi, kwa sababu kwenye keki na mahamri ya haraka kweli huleta wepesi. Lakini wepesi wa keki ni wa viputo vya hewa, ilhali ulaini wa tati ni wa kuvunjika vipande vipande, na kimoja hakizai kingine. Zaidi ya hayo, beking pauda huinua kitako cha kile kikombe cha unga kikiwa ndani ya oveni, kitako kikiinuka nafasi ya jamu hupungua, na jamu inayochemka ikikosa nafasi humwagika. Sehemu ya ule mfuriko wa kwenye trei ulitoka huko. Iache kabisa, na kama unga ulionao ni wa aina inayoumuka yenyewe, uweke kwa ajili ya keki.

Sasa nije kwa watoto, maana hapa ndipo maarifa haya yanapokuwa na faida kwako. Kama nyuzi hazianzi kufanyika mpaka maji yaingie, basi kazi yote ya tati ina mpaka mmoja, ambao ni maji. Kabla ya maji, watoto wasugue, wachezee, wabishane na kucheka kwa muda wapendao, kwa kuwa hakuna watakachoharibu. Kwa kweli kadiri wanavyoyasambaza mafuta vizuri ndivyo tati inavyokuwa laini. Baada ya maji, mikono yote hutoka ndani ya bakuli, wa kwanza wako mwenyewe. Wazazi wengi hufanya kinyume bila kujua: huharakisha kusugua mafuta wenyewe kwa sababu watoto wanachafua, kisha huwapa donge lililokwisha kulowa walichezee, na watoto hulikanda, hulivuta, hulikunja na kulipiga mezani hadi linakuwa unga wa chapati kamili. Kisha inasemekana watoto ndio walioharibu mapishi, nao walikabidhiwa kazi isiyokuwa yao.

Kwa vipimo, chukua gramu 160 za unga wa ngano na gramu 40 za konflawa, yaani ule wanga mweupe wa mahindi unaoteleza vidoleni, wala si sembe. Konflawa haina protini za gluteni, kwa hiyo hupunguza nguvu za unga wa chapati. Ongeza chumvi ya kubanwa kwa vidole viwili, kijiko kimoja cha chakula cha sukari iliyosagwa, na gramu 100 za siagi au majarini iliyotoka kwenye friji, iliyokatwa vipande vidogo. Maji yawe ya friji, vijiko 2 vya chakula, na kijiko cha tatu uwe nacho mkononi ukitie kwa matone tu iwapo unga haushikani. Maziwa ya vuguvugu yasahau, kwa sababu umajimaji wenye joto huyeyusha mafuta kabla hayajamaliza kazi yake. Kiasi hiki hutoa tati ndogo 18 hivi, na binti wa miaka 9 ana uwezo wa kupima vyote kwa mizani, nawe ukimkagua baadaye kwa jicho tu.

Juu ya kuchagua kati ya siagi na majarini, nitakuwa mkweli: siagi ina ladha nzuri zaidi na sibishani juu ya hilo, lakini huyeyuka katika joto la nyuzi 32 hadi 35 na hulegea mapema kabla ya hapo, na jikoni Mombasa kati ya Januari na Machi joto hilo halitafutwi. Majarini ya kopo iliyotengenezwa ivumilie kukaa nje ya friji hukuachia muda zaidi, jambo ambalo ni neema unapofanya kazi na mtoto asiyeharakishika. Soma tu maandishi ya kopo: zile laini za kupaka mkate zenye mafuta kidogo zina maji mengi, na ukizitumia unakuwa umetia maji kwenye unga bila kujua. Tafuta yenye mafuta asilimia 70 au zaidi. Njia ya katikati ni nusu kwa nusu, nami ndiyo ninayoipenda.

Oka asubuhi, kabla jua halijalipasha paa. Mdogo wako asugue mafuta katika unga kwa ncha za vidole, akiuinua juu na kuudondosha bakulini, wala si kwa viganja, kwa kuwa viganja vina joto zaidi. Mchanganyiko uwe mithili ya chenga za mkate, na ukifumbata kidogo mkononi ushikane kisha uvunjike ukiutekenya. Ukianza kung'aa na kunata, mafuta yanayeyuka. Weka bakuli zima kwenye friji kwa dakika 15, kisha mwendelee. Halafu nyunyizia maji wewe mwenyewe, uchanganye kwa kisu butu cha kupakia siagi mpaka mabonge yaanze kujitokeza, uyakusanye kwa mkono mara moja, ugawe sehemu mbili, uzibonyeze ziwe bapa, uzifunike, na uziweke kwenye friji kwa nusu saa. Mapumziko hayo yana kazi: mafuta hugandamana tena, na nyuzi chache zilizofanyika hulegea, hivyo kusinyaa hupungua sana. Zile sehemu mbili nazo zina sababu, nayo haihusu kemia. Kila mtoto akiwa na donge lake, ugomvi wa nani asukume kwanza haupo.

Nusu saa ni muda mrefu kwa mtoto wa miaka 5, kwa hiyo mpe kazi ya kweli. Apake mafuta matundu ya trei kwa kipande cha karatasi ya siagi, apange vijiko, achague jamu. Baada ya hapo, nyunyiza unga kidogo tu kwenye kibao cha chapati, kila mmoja asukume donge lake kutoka katikati kwenda nje, akiligeuza mara kwa mara, hadi lifikie unene wa milimita 3 hivi. Wakate miduara kwa mdomo wa glasi, kisha kila mduara ulazwe juu ya tundu na kuachwa uzame wenyewe, ukisindikizwa kwa kidole kwa upole. Hapa watoto hupenda kuuvuta ili ufike juu ya ukingo, na unga uliovutwa ukiwa mbichi lazima ujirudi ukiwa kwenye moto. Vipande vinavyobaki msivifinyange mkafanya mpira. Vipandanisheni, msukume mara moja tena, basi. Vitakavyosalia baada ya hapo, pamoja na kile kipande ambacho mdogo amekizungusha mkononi hadi kikageuka rangi, viwe mali yake: atengeneze samaki au gari, uvioke pembeni ya trei, na asipangiwe kuwapa wageni.

Jamu iwe kijiko kimoja cha chai kwa kila tati, wala kisiwe cha kujaa. Najua inaonekana ni ubahili, na watoto watakwambia hivyo, lakini jamu ndani ya oveni huchemka na kupanda, na tundu lililokuwa limejaa nusu linakuwa limejaa pomoni. Jamu za dukani zilizo nyepesi sana, na vilevile jamu ya nanasi ya kupika nyumbani, ambalo kwa asili lina pektini kidogo, yaani kile kinachoifanya jamu igande, ni vyema zirudishwe kwenye moto mdogo hadi kijiko kikipita kwenye sakafu ya sufuria kiache njia inayokawia kuziba. Kazi hiyo ni ya mtu mzima peke yake, na jamu ipoe kabisa kabla haijawekwa kwenye unga, la sivyo itayeyusha mafuta na kulowesha chini.

Kuhusu mtoto kula unga mbichi, hapa naomba ubadilishe msimamo. Watu wengi wanadhani hatari ya donge bichi ni mayai peke yake, kwa hiyo pasipo mayai huona hakuna neno. Unga wenyewe ni chakula kibichi: ngano hutoka shambani, husagwa na kufungwa, na usagaji wa kawaida hauui vijidudu. Mwaka 2016 huko Marekani unga wa ngano ulisababisha mlipuko wa bakteria wa E. koli, na miongoni mwa walioumwa walikuwamo watu walioonja au kushika unga mbichi. Uwezekano wa hilo kumpata mwanao katika siku moja si mkubwa, wala sitaki ulale macho kwa mara zilizopita, lakini mtoto mdogo akiupata ugonjwa huo huumia kuliko mtu mzima. Weka kanuni rahisi: unga mbichi ni wa mikono, jamu ni ya kuonjwa, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla na baada. Kumpa kijiko chake cha jamu cha kulamba hufanya kazi kuliko kumkemea. Iwapo siku moja atapata kuhara damu, homa kali au kutapika kusikokoma, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari alichokula.

Tufike kwenye moto. Hofu yako ina msingi, lakini ielekeze mahali penye hatari halisi. Katika mapishi haya kinachounguza zaidi ni jamu kuliko oveni. Sukari iliyochemka hupita joto la maji yanayochemka, na ikimwagikia ngozi hung'ang'ania, haitiririki ikaondoka kama maji. Ukingo wa tati unaweza kuwa umepoa kiasi cha kushikika huku jamu ya katikati ingali inaunguza ulimi, kwa hiyo zikae juu ya meza ya nyuma, mbali na watoto, angalau dakika 20 baada ya kutoka. Chora mstari kwa chaki au bandika tepu sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye oveni, na mdogo asiuvuke mlango ukiwa wazi. Binti wa miaka 9 anaweza kusoma saa na kukwambia muda umefika. Kutoa trei kusubiri hadi awe na nguvu na urefu wa kutosha, na kwa watoto wengi hiyo ni miaka 11 au 12, wewe ukiwa kando. Leso unayoikunja kushikia trei iwe kavu, kwa sababu kitambaa chenye unyevu hupitisha joto haraka hadi kwenye vidole, na hapo ndipo trei huangushwa. Kama mnatumia jiko la mkaa lililo sakafuni, ongeza tahadhari maradufu, kwani liko usawa wa mtoto na mwanguko mmoja unatosha.

Akiungua, sehemu hiyo iwekwe chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka, ya baridi ya kawaida wala si barafu, kwa dakika 20 kamili. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, naye atalia, lakini usikatize. Kama mfereji hauna maji, mmiminie kwa kata taratibu kutoka kwenye ndoo safi. Vua nguo, bangili au pete iliyo karibu, isipokuwa nguo iliyogandia ngozi. Dawa ya meno, yai, unga, asali na siagi, ambavyo kila mtaa una bingwa wake wa kuvishauri, visipakwe. Huzuia joto kutoka na humpa daktari kazi ya kusafisha kidonda kinachouma. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Mpeleke hospitali bila kungoja ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, limetoa malengelenge, limekuwa jeupe au jeusi, au liko usoni, mikononi, miguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri.

Mkialika watoto wa majirani, ulizia mapema kama yupo anayedhurika na ngano, maziwa au karanga, na usiwape walio chini ya miaka 5 tati zilizopambwa kwa karanga au korosho nzima, kwa sababu huweza kuwapalia. Mtoto anayevimba midomo au anayepumua kwa shida baada ya kula hupelekwa hospitali mara moja.

Imebaki oveni. Oveni nyingi za gesi tulizonazo huwaka kwa chini, na kirungu chenye namba hakisemi kweli daima. Iwashe dakika 20 kabla, kwa nyuzi 200, utumie trei nyembamba ya bati au ya chuma cheusi badala ya silikoni au kioo kinene, na uiweke kwenye waya wa chini ya katikati ili kitako cha unga kipate joto mapema kabla jamu haijakilowesha. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani hakigharimu sana na kitakuondolea kubahatisha. Usipokuwa nacho, oka tati moja peke yake kwanza, uitazame dakika ya 12 na ya 15, kisha uamue kuhusu zilizobaki. Asiye na oveni anaweza kuzioka ndani ya sufuria nzito yenye mchanga mkavu chini, trei ikae juu ya mchanga, na apalie moto juu ya mfuniko; zitoke polepole zaidi na rangi isiwe sawa pande zote, lakini zitaiva.

Na ili ujue kama lawama ni ya oveni, oka vikombe viwili vitupu, bila jamu. Kingo zikiwa na rangi ya dhahabu na kitako nacho kimekauka, basi tatizo lilikuwa jamu nyingi na unga mnene. Kingo zikiungua huku kitako kikibaki cheupe hata kwenye waya wa chini, joto la chini ni dhaifu, na hapo mapishi hayana la kufanya: mwite fundi wa gesi akague vitundu vya moto, hasa kama miali ni ya manjano badala ya buluu au inazimika upande mmoja. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, toka na watoto nje, na tati zisubiri hadi fundi amalize.